Mti wa Krismasi wa plastiki, futi 6: kagua miguu kabla ya majani

Kuanzia Novemba, maduka ya Kariakoo huanza kusimamisha miti ya Krismasi mlangoni, na mingi huvutia wateja kwa mambo mawili: urefu na theluji ya bandia. Kwa nyumba yenye watoto wadogo, inayotarajia wajomba, mashangazi, mama wadogo na kundi la binamu tarehe 25, hayo ndiyo mambo ya mwisho kuangalia. Cha kwanza ni miguu, cha pili ni waya wa taa. Tathmini hii inahusu mti wa kawaida kabisa: kijani, futi 6, wa PVC, unaokuja kutoka China bila jina la maana kwenye boksi. Ni mti unaofaa, mradi ujue upi wa kuchukua kati ya ile inayofanana.

Miguu iko ya aina mbili. Ya kwanza ni ya plastiki, mitatu, yenye skrubu moja ya kubana nguzo. Skrubu hiyo huingia kwenye plastiki tupu, kwa hiyo ukiikaza msimu mmoja na kuifungua, msimu wa pili meno yameshaliwa na mti unaanza kuinama kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Ya pili ni ya chuma, minne, inayokunjwa msalaba na kufunguka, na nguzo hubanwa kwa skrubu mbili au tatu. Chukua ya chuma hata kama itabidi ushuke hadi futi 5 ili bei itoshe. Sababu ni rahisi: mtoto wa miaka miwili akinyoosha mkono anafika kama mita moja kutoka sakafuni, na hapo ndipo matawi mapana yalipo. Hang'oi pambo kwa upole, ananing'inia nalo. Mti wenyewe una kilo tatu hadi tano tu, na ukishavaa mapambo uzito unahamia juu.

Kipimo cha dukani ni hiki: mwombe muuzaji afunge nguzo kwenye miguu bila matawi, kisha shika ncha ya juu na uitikise. Ikicheza pale, nyumbani italala. Na hata ikisimama imara, usiuamini peke yake. Funga mshipi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki, kwenye nguzo kwa urefu wa theluthi mbili kutoka chini, uupeleke kwenye nondo za dirisha. Hauonekani ukiwa mbali ya hatua tatu. Juu ya kila mguu weka mfuko mdogo wa mchanga wa kilo mbili, halafu zungushia kitenge kufunika vyote.

Kuhusu urefu, adui ni pangaboi. Futi 6 ni sentimita 183. Ongeza nyota ya sentimita 25 na umefika 208. Futi 7 pamoja na nyota ni 238, na katika chumba chenye dari ya mita 2.7, mapanga huzunguka karibu na kimo hicho hicho. Watu huamua kusogeza mti pembeni, halafu mgeni mmoja anausukuma kidogo ili kiti kipite, mwingine anawasha feni kwa sababu ya joto la Desemba la Dar es Salaam. Futi 6 inakuondolea mjadala huo.

Ujazo wa mti husomwa kwenye idadi ya ncha, yaani vijitawi vidogo vya mwisho, nayo huandikwa kwenye boksi kando ya urefu. Mti wa futi 6 wenye ncha chini ya 400 utaona nguzo katikati hata uufanyeje. Kati ya 600 na 800 unatosha kabisa. Picha ya boksi haihesabiki: mara nyingi ni ya mti mwingine. Angalia pia jinsi matawi yanavyoshikana na nguzo. Ya bawaba hushuka yenyewe unapoifungua, na kazi inaisha haraka. Ya kulabu huja yametenganishwa na nguzo, kila moja na rangi au herufi yake, na lazima yapangwe daraja kwa daraja. Ya kulabu ni rahisi zaidi kwa bei, lakini rangi zile za alama hufutika, na mwaka wa tatu utapanga kwa kubahatisha. Zikoleze kwa rangi ya kucha siku hiyo hiyo unayonunua.

Theluji ya kupuliziwa iache dukani. Inadondoka tangu siku ya kwanza, katika unyevu wa pwani inadondoka zaidi, na kinachodondoka kinaishia mdomoni kwa anayetambaa. Isitoshe, nje ya dirisha mkrismasi wenyewe uko katika maua mekundu mwezi huo huo, bure, bila kuomba theluji ya mtu.

Mti mpya ukitoka kwenye boksi unakuwa bapa na unanuka plastiki. Uache barazani siku nzima upigwe na upepo, kisha uufute kwa kitambaa chenye maji. Hili si la usafi tu. Baadhi ya PVC, hasa ya miaka ya nyuma, ilitengenezwa kwa kutumia madini ya risasi kama kiimarishaji, na inapochakaa hutoa vumbi. Kwa hiyo mti uliorithiwa, ule wa miaka kumi na tano unaopukutika ukiugusa, usiupeleke kwenye nyumba yenye mtoto anayetafuna kila kitu. Na kila anayepanga matawi anawe mikono kabla ya kula.

Kuchanua matawi ndiyo kazi inayotofautisha mti mzuri na ufagio. Anza daraja la chini, ndani karibu na nguzo, ukienda nje. Katika kila tawi, ncha moja ielekee juu, inayofuata kushoto, inayofuata kulia, na ya mwisho inyooke mbele. Mtu mmoja anatumia kama saa nzima. Wakubwa wawili na watoto watatu wa miaka sita na kuendelea wanamaliza kwa nusu saa. Wavae glavu nyembamba, kwani ncha za waya hukwaruza. Anayepatwa na haraka huacha upande wa ukutani, na mti huanza kulemea upande wa sebule. Uchanue pande zote.

Sasa taa, na hapa ndipo pesa iliyobaki inapaswa kwenda.

Mnyororo wa taa 100 za LED, wenye urefu wa kama mita 10, unatosha mti wa futi 6. Lakini kuna minyororo ya aina mbili inayofanana sana. Mmoja hauna transfoma, kile kifaa cha kupunguza volti: umeme wa volti 230 unapita moja kwa moja kwenye waya mwembamba kama uzi wa kiatu. Kila taa hutumia volti chache tu, lakini waya ukitafunwa na jino au ukichubuliwa na panya, anayeugusa amegusa umeme wa ukutani. Mwingine una adapta kichwani iliyoandikwa OUTPUT, na baada ya neno hilo volti 24 au 31. Huo ndio wa kununua. Wanunuzi wengi hudanganywa na kile kisanduku chenye kitufe cha kubadilisha miako minane, wakidhani ndiyo transfoma. Siyo. Kinabadilisha mwako tu. Soma maandishi kwenye adapta. Kama hakuna adapta, rudisha. Na kama imeandikwa INPUT 110V pekee, ni ya soko la nchi nyingine na kwa umeme wetu itaungua jioni ya kwanza.

Plagi nyingi za taa hizi zina miguu miwili ya duara, na soketi zetu ni za matundu matatu ya mstatili. Mtindo wa kuchomeka kijiti cha kiberiti kwenye tundu la juu ili matundu ya chini yafunguke ni mbaya siku zote, na ni mbaya zaidi mbele ya watoto, maana watauiga kesho yake kwa msumari. Nunua plagi ya kubadilishia yenye fyuzi. Kama nyumba hukatikiwa umeme mara kwa mara, chukua taa za USB: ni volti 5, na zinawaka kwa pawabenki. Gharama ya umeme isikutishe. Mnyororo wa wati 6 ukiwaka saa 6 kila jioni kwa siku 20 unakula wati-saa 720, yaani haufiki yuniti moja ya LUKU. Zile balbu za zamani za kupata moto zilikula mara kadhaa ya hapo na kuchoma vidole. Mishumaa kwenye mti usiithubutu: PVC haishiki moto upesi, lakini ikishika hutoa moshi wenye tindikali.

Jihadhari na vitaa vidogo, nyota na kadi za muziki zinazotumia betri za kidonge. Mtoto akimeza moja, inaweza kuanza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Kama mfuniko wake haufungwi kwa skrubu, usiiingize ndani. Ikimezwa, ni hospitali mara moja, bila kumtapisha.

Mapambo: mti huu unabeba mipira 60 hadi 80 ya sentimita 6 bila kulemewa. Chukua ya plastiki, siyo ya kioo. Binamu wakiwa 15, kila mmoja akipewa minne unapata 60, hakuna anayelia kwamba mwenzake ametundika zaidi. Kwa kitu chochote kilicho chini ya mita moja, tumia kipimo cha bomba la karatasi ya chooni: kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu, kipandishe juu. Chini tundika vya kitambaa, vipande vya kitenge vilivyojazwa pamba, na ufunge kwa uzi badala ya zile kulabu za waya. Nyota iwekwe mwisho, na mdogo kuliko wote ndiye abebwe na babu kuiweka. Familia kubwa inaweza pia kutundika karatasi za majina, kila mtu aokote moja na kumnunulia huyo peke yake. Vinginevyo zawadi za watu 25 hazina hesabu.

Kuna wanaouliza kwa nini wasinunue tawi la mvinje kama zamani. Linanukia, ni rahisi, na likisimama kwenye ndoo ya lita 20 yenye mchanga uliolowanishwa, halianguki kirahisi. Lakini matawi yake ni laini, hayabebi mpira wa sentimita 6 bila kuinama hadi chini, na ndani ya wiki moja hukauka na kupukutika. Likikauka, taa yoyote ya umeme iondolewe. Kwa siku tatu, kuanzia tarehe 24 hadi 26, mvinje unaushinda huu wa plastiki kwa harufu na bei. Kwa wanaotaka mti usimame hadi Epifania, tarehe 6 Januari, plastiki haina mpinzani.

Kwa wanaopanda basi kwenda Moshi kula sikukuu kwa bibi, futi 6 ni mzigo: boksi ni refu kama mita moja, na kwenye buti la basi la Desemba litabanwa chini ya magunia. Futi 4 wa bawaba ndio wa safari, na huko kwa bibi usimamishe mezani, ambako wanaotambaa hawafiki.

Kuhifadhi ndiko kunakoua miti mingi. Mti hautaingia tena kwenye boksi lake, usipigane nalo. Funga kila daraja kwa kamba ya kitambaa, tia kwenye kiroba safi, na miguu ya chuma uipake mafuta kidogo kwa sababu ya kutu ya pwani. Usiuweke darini chini ya bati: joto la Januari na Februari hulainisha PVC na matawi hubaki yamekunjika. Chini ya kitanda panatosha. Taa zizungushie kipande cha kadibodi, waya ukiwa umelegea, na adapta iwekwe ndani ya kiroba hicho hicho, kwa kuwa ndiyo inayopotea kwanza.