Peugeot 504 steshenwagoni: kitu cha kutunza au mzigo wa kutu?

Hebu sikilizeni mlango huu kwanza. Haya, naufunga... Mmesikia? Haulii debe. Gari limepita miaka arobaini na mlango bado unajifunga kwa kusukumwa na kidole.

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo niko Mombasa, na hii hapa nyuma yangu ni Peugeot 504, au Pijo kama tunavyoiita sote, steshenwagoni yenye safu tatu za viti. Mwenyewe ni yule mzee pale kwenye kivuli cha mwarobaini, anakunywa kahawa yake. Anauza. Tangu niweke picha yake juzi mmenijaza maswali, na karibu yote ni lile lile: je, nikinunua leo, bei itapanda?

Tulia kwanza. Mwaka 2022 Mercedes moja ya 1955, 300 SLR, iliuzwa kwa yuro milioni 135, na tangu siku hiyo kila mwenye gari bovu uani anajiona ana benki. Mercedes za aina ile ziliundwa mbili tu duniani. 504 zimetengenezwa zaidi ya milioni tatu, na nyingine ziliunganishwa papa hapa Mombasa. Kwa hiyo ukiitaka hii, iwe umeipenda.

Na sababu za kuipenda zipo. Ilitoka Ufaransa 1968, mwaka uliofuata ikapewa taji la gari bora la mwaka Ulaya. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina, Waitaliano. Tazameni taa hizi za mbele zilivyokatwa pembeni, kama macho ya mtu aliyeamshwa usingizini. Lakini sisi hatukuipendea macho. Sisi tuliiona kwenye Safari Rally. Ove Andersson alishinda nayo 1975, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile ya milango miwili yenye injini ya V6. Kaka yake, 404, alikuwa ameshachukua Safari mara nne, mbili kati ya hizo akiwa mikononi mwa Bert Shankland aliyetokea Tanzania. Halafu gari lile lile lililoruka mashimo Pasaka, Jumatatu unalikuta steji limebeba abiria wa Nakuru, mikungu ya ndizi juu ya keria. Ferrari gani utaikumbuka hivyo?

Njoo nyuma huku, kamera ishushe chini. Unaona? Springi nne, mbili kila upande. Pijo ya saluni, ile fupi yenye buti, haina hizi. Steshenwagoni ilirefushwa na kuwekewa ekseli nzima ya kubebea mizigo, na ndiyo maana ilipigishwa kazi mpaka ikafa. Saluni nyingi zilikuwa za daktari na mwalimu mkuu, zikalala gerejini. Hizi ndefu zililala barabarani. Kupata moja nzima ni bahati.

Sasa hii ni nzima? Nina sumaku hapa, ile ya mlango wa friji, nimeifunga kitambaa isikwaruze rangi. Naipitisha chini ya mlango wa dereva... inashika. Mlango wa nyuma... inashika. Hapa juu ya tairi... imeanguka. Naiweka tena, imeanguka tena. Hiyo ni puti, ndugu zangu. Chini ya rangi hii nzuri hakuna bati, kuna unga uliokaushwa. Chumvi ya bahari haina adabu. Gari la Nakuru na la Mombasa yanaweza kuwa na umri mmoja, lakini hayajazeeka sawa.

Nisiwafiche, mimi mwenyewe nilishaumwa. Niliwahi kununua Volkswagen kobe inayong'aa kama sahani ya Idi. Mvua ya kwanza maji yakanifika kwenye soksi. Nilipofunua kapeti niliona lami. Tangu siku ile sinunui gari bila kufunua kapeti, na muuzaji akikataa, naaga.

Injini sitawachosha. Ni ya petroli, ya lita mbili, kabureta moja, na fundi yeyote mwenye mvi anaifungua huku anapiga soga. Spea zake utazunguka kuzitafuta, ila zinapatikana. Kinachonifurahisha ni kwamba ni injini yake yenyewe. 504 nyingi zimeshatolewa moyo zikatiwa wa Toyota au Nissan. Gari la kwendea shamba, hakuna tatizo. La kutunza, thamani imeondoka na ule moyo, na juu yake namba ya injini inagombana na ya logibuku, ile hati ya umiliki wa gari.

Hapo kwenye logibuku ndipo watu wengi wanapolia. Hakikisha jina lililoandikwa ni la anayekuuzia. Likiwa la marehemu, hununui gari, unanunua kesi ya mirathi. Ya huyu mzee nimeiona, ni jina lake.

Mkipata nafasi, nendeni Nairobi kwenye Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa, pale uwanja wa farasi wa Ngong. Yamekuwapo tangu 1970. Waamuzi wanachungulia mpaka uvunguni. Tazameni pia nani analizunguka gari gani. Porsche inapigwa picha. Pijo inaguswa, na mtu mzima anawaeleza watoto wake alikuwa anakaa safu ipi wakienda kwa bibi. Ndiyo soko lake hilo: wanunuzi si wengi, ila anayeitaka anaitaka hasa.

Sasa bei. "Mzee shikamoo tena. Umesema laki ngapi?"

"Nne na nusu, mwanangu. Na hiyo nimekufikiria wewe."

"Mzee, hapo juu ya tairi pana puti."

"Na mimi nina meno ya bandia, mbona hujaniteremsha bei?"

Nimempa tatu na nusu, maana bati lile lazima likatwe na lichomelewe upya. Amecheka, amemaliza kahawa, sasa anavuta choki aiwashe ili niisikie.