Google Workspace kwenye imeili zilizofutwa: siku 25 safi sana, ila Vault watu waambiwe

Wakuu, mtu akiuliza habari za Workspace, ile huduma ya kulipia ya Google ya imeili za ofisi, anajibiwa bei na GB basi, wakati kwa ofisi ya kutoa mizigo bandarini kama yetu hapa Dar kinachouma zaidi ni imeili ikifutwa inaenda wapi na inakaa huko mpaka lini. Uadmini wa imeili za ofisi ninao mimi kwa hiyo naongelea kitu ninachokishika kila siku.

Iko hivi. Ukifuta inaenda Tupio, inakaa siku 30, na muda wote huo bado inakula nafasi yako. Zikiisha, au ukimwaga Tupio mwenyewe, wewe huioni tena ila admini bado ana siku 25 za kuirudisha. Anaingia kwenye akaunti yako kule upande wa admini, anachagua tarehe kuanzia hapa mpaka hapa, zinarudi. Ubaya ni kwamba huwezi kuchagua imeili moja, unarudisha kila kilichofutwa tarehe hizo, kwa hiyo mtu anajikuta na matangazo yote aliyoyatupa, lakini bili ya mzigo nayo imo ndani na hicho ndo tulikuwa tunakitaka. Zikipita siku 25 ndo basi tena, hata ukipiga simu.

Kabla ya hapo tulikuwa kwenye hostingi ya bei poa ya kampuni moja, sitaitaja. Kule seva inafanya kama IMAP (kanuni za kusoma imeili zikiwa kwenye seva) inavyotaka, ujumbe unapigwa alama ya kufutwa, ikija amri ya kusafisha umekwenda, na kama hakuna bakapu ya usiku hakuna pa kuanzia. Dada mmoja wa nyaraka alifuta uzi mzima wa mteja tukaambiwa bakapu yao ya mwisho ni ya zamani kabla hata mteja hajaanza kutuandikia, ikabidi tumuombe mteja mwenyewe aturushie upya kila kitu kutoka kwake maana nakala ya upande wa pili huwa haiguswi. Aibu kubwa mbele ya mteja. Ndo maana wanaosema seva ifute papo hapo mtumiaji akishabonyeza mimi siko nao kabisa, binadamu anakosea, tena anakosea akiwa na haraka.

Microsoft 365 hapa wamewazidi Google kidogo, niseme ukweli. Ukishafuta mpaka kwenye folda ya vilivyofutwa bado mtumiaji MWENYEWE anaweza kurudisha kutoka kwenye seva, kwa kawaida siku 14, admini anaweza kupandisha mpaka 30. Bila kumsubiri mtu wa IT aamke.

Sasa Vault, na hapa ndo nawakata nyota. Vault ni ghala la Google la kutunza na kutafuta imeili za ofisi, inakuja kuanzia kifurushi cha Business Plus, vile vya chini yake, Starter na Standard, hawana. Admini anaweka sheria kwamba imeili zitunzwe miaka kadhaa au hata bila mwisho, halafu mfanyakazi anafuta, anamwaga Tupio, anaona kweupe, kumbe mwenye ruhusa ya Vault anatafuta na anaisoma yote. Sipingi kutunza. Kumbukumbu za kodi zenyewe unatakiwa ukae nazo miaka 5, na kule Ikulu ya Marekani 1986 Poindexter, mshauri wa rais wa mambo ya usalama, na ofisa wake Oliver North walifuta maelfu ya jumbe kwenye sakata la kuiuzia Iran silaha kwa siri, zikaja kupatikana kwenye tepu za bakapu, bila zile tepu wachunguzi wangebaki na maneno matupu. Kinachoniudhi ni UKIMYA. Mfanyakazi akibonyeza futa hakuna hata mstari mmoja unaomwambia nakala inabaki kwa mwajiri kwa muda fulani. Watu wanaandikiana humo habari za ugonjwa, za mshahara, za familia zao, na sheria yetu ya taarifa binafsi ya 2022 inasema taarifa zisikae zaidi ya muda unaohitajika, sasa "bila mwisho" ni hitaji la nani jamani? Kwangu seva itunze, lakini kwa muda unaojulikana, mwenye imeili aujue, na ukiisha ifute kweli.

Sisi tumeweka miaka 5 kwa akaunti za nyaraka na uhasibu tu, zile za watu binafsi hatujaweka sheria, na kila anayeajiriwa anapewa karatasi inayosema hivyo anasaini. Angalizo kwa maadmini wapya, ukiweka muda mfupi kwenye Vault na ukachagua ifute kila kitu muda ukiisha, inafuta hata zile ambazo mtu HAJAFUTA, ziko zimetulia inboksi, kwa hiyo soma mara mbili kabla hujabonyeza. Na mtu akiacha kazi msikimbilie kufuta akaunti yake, una siku 20 za kuirudisha, zikipita na vya kwenye Vault vinakwenda nayo.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano wakiweka ule mstari.