Paris au Abu Dhabi: kuwapeleka watoto nje kwa mara ya kwanza

Watoto wakishasikia "Disney" hawataki jina jingine. Na kweli Disneyland Paris, iliyofunguliwa 1992, ina raha yake: unapanda treni ya RER A katikati ya jiji, na baada ya kama dakika 40 unashuka mlangoni. Wa chini ya miaka 3 huingia bure. Kazi iko kwenye viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya. Mtu mzima hulipa yuro 90, mtoto wa miaka 6 hadi 11 yuro 45, na ukikataliwa hela hairudi. Ongeza bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, taarifa za benki, na alama za vidole kwa kila aliyefika miaka 12. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla, basi usingoje. Desemba huko ni baridi ya kweli. Pitia mitumbani ukatafute makoti.

Abu Dhabi ni nyepesi zaidi. Kutoka Nairobi ni kama saa tano angani, na chakula halali hukitafuti kwa tochi. Kisiwa cha Yas kina bustani ya michezo ya Warner Bros. World (2018), yote ndani kwenye kiyoyozi, hata Julai hamuungui.

Jirani yake, Ferrari World, isikudanganye kwa picha. Formula Rossa, treni yake ya kuteremka kwa kasi, hufika kilomita 240 kwa saa, na kuna kipimo cha urefu. Wa miaka mitano atabaki kukushikia mkoba.

Mimi, kwa watoto wadogo, ningeanza na Yas. Paris isubiri waweze kutembea siku nzima bila kubebwa.