TAHADHARI: Tapeli wa "shoka la mawe la Isimila"

Ndugu zangu, hasa mlioko Iringa, Mafinga na Makambako, kuna jamaa anazungusha picha za "shoka la mawe la Isimila" (Isimila ni eneo la Zama za Mawe karibu na Iringa) kwenye magrupu ya WhatsApp. Anadai kaliokota shambani na kwamba yupo Mzungu Arusha anayelitaka kwa milioni arobaini. Yeye eti hana pesa ya kupimia umri wa jiwe, kwa hiyo utangulize laki nne, likiuzwa mgawane. Shemeji yangu katuma, tena na ya kutolea. Kesho yake namba haipatikani. Sasa picha zilezile zimerudi na namba nyingine, na Mzungu kahamia Dar.

Ni utapeli uleule wa rupia za Mjerumani, zile sarafu za enzi ya ukoloni, ila huu una cheti. Kisomeni. Kinasema jiwe limepimwa kwa kaboni 14 likakutwa na miaka 300,000. Kaboni 14 hupima kitu kilichowahi kuwa hai, kama mfupa au mkaa, na umri ukipita miaka 50,000 hivi haifui dafu. Umri wa kuchongwa kwa jiwe haupimwi hivyo. Aliyeandika cheti hata kudanganya hajui.

Halafu kuzeni picha. Shoka lina mpini uliofungwa kamba! Mashoka ya Isimila yalishikwa mkononi. Yaligongwagongwa kwa jiwe jingine pande zote mbili hadi yakachongoka. La huyu bwana lina mistari ya grinda.

Na hata lingekuwa la kweli? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inagusa vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na malikale (vitu hivyo vya kale) haiuzwi wala haipelekwi nje ya nchi bila kibali. Ndiyo maana wengi wakishapigwa huogopa kwenda polisi, na tapeli anategemea woga huo. Shemeji kaenda, RB (namba ya taarifa ya polisi) anayo.

Ukikuta jiwe la namna hiyo korongoni, usiling'oe. Piga picha, mpe taarifa afisa utamaduni wa wilaya. Tabaka la udongo lilimolala ndilo linalowapa wataalamu umri wake. Mwenye hamu ya kuyaona aende Isimila penyewe, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, barabara ya Mbeya. Yamejaa chini.

Aliyetumiwa ujumbe wa huyu mtu asiufute. Autume 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, pamoja na namba ya tapeli, na kama alishalipa, atunze jina lililotokea kwenye muamala.