Kongamano la kemia ya kijani: lina thamani ukiwa na bango

Nimehudhuria kongamano la kimataifa la kemia ya kijani (kemia inayopunguza taka na sumu), viuatilifu na kampaundi za aromatiki, yaani zenye pete kama ya benzini. Ukitaka kulilipia, lipa iwapo una bango la kuwasilisha, ile karatasi kubwa ya kuonyesha utafiti wako. Anayekwenda kukaa na kusikiliza tu, kwa maoni yangu, ada yake hairudi.

Mada ya ufunguzi ilikuwa nzuri lakini si ngeni. Zile kanuni 12 za kemia ya kijani za wanakemia Paul Anastas na John Warner za mwaka 1998 zilipita tena kwenye skrini, na wengi ukumbini walikuwa wanazijua kama sala. Kilichoniudhi ni ratiba. Viuatilifu na aromatiki viliwekwa saa ileile, vyumba tofauti, ilhali huwezi kuvitenganisha! DDT, ile dawa ya wadudu, yenyewe ina pete mbili za benzini, kila moja imebeba klorini. Uimara wa molekuli hiyo ndio ulioifanya iendelee kuua wadudu muda mrefu baada ya kupulizwa, na ndio huohuo unaoifanya ikae miaka mingi kwenye udongo na kwenye mafuta ya wanyama. Mwanakemia Paul Müller alipata tuzo ya Nobel mwaka 1948 kwa kuonyesha nguvu yake. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, wa kimataifa kuhusu kemikali zisizooza upesi, ukaiwekea mipaka mikali. Ilibidi nichague chumba kimoja.

Kwenye mabango ndiko nilikofaidi. Mwanafunzi mmoja alikuwa anakamua mafuta ya mimea kwa kaboni dioksidi badala ya heksani, kiyeyushi kinachotokana na petroli. Gesi hiyo ikipita nyuzi 31 za Selsiasi na shinikizo la bar 74 hivi, hupenya kama gesi na kuyeyusha kama kimiminika. Ukishusha shinikizo inaondoka yenyewe. Nilimbana kuhusu umeme wa pampu, akanifungulia daftari lake la vipimo. Ukumbini hakuna anayekufungulia daftari. Jirani yake alishughulikia pareto: sumu yake huvunjika upesi juani, ndiyo maana wanakemia walitengeneza pamethrini inayostahimili mwanga, nayo ni hatari kwa samaki. Tulibishana mpaka taa zikaanza kuzimwa.

Lawama yangu kubwa ni jinsi neno "kijani" lilivyotumika ovyo. Mwanakemia Roger Sheldon alishatupa kipimo rahisi, kilo za taka kwa kila kilo ya bidhaa, na kwenye dawa za binadamu mara nyingi hesabu hiyo huvuka 25. Ni wachache walioitaja. Mzungumzaji mmoja alijisifu kwa kuacha kiyeyushi cha toluini. Alipoulizwa taka zake ni kiasi gani, mwenyekiti akasema muda umekwisha. Dakika tano za maswali hazitoshi kitu.

Kitabu cha mihtasari kilikuja mapema na kimepangwa vizuri, hilo niwapongeze. Kisome kabla ya kwenda, uweke alama kwenye mabango unayoyataka. Na kamati ikikuuliza unapendelea kuzungumza au kubandika bango, chagua bango.