BMW X5 E70 iliyotembea kilomita 200,000: injini ya kununua na ya kuachana nayo

X5 ya kizazi cha pili, ambayo mafundi huiita E70, ilitoka kiwanda cha Spartanburg, South Carolina, kuanzia 2006 hadi 2013. Wakati huo ilikuwa gari la wenye nacho. Leo, ikiwa imeshakula kilomita 200,000, inapatikana kwa bei ya gari dogo la kawaida, na hapo ndipo wengi wanaponaswa: bei ya gari imeshuka, bei ya spea imebaki palepale.

Gari lenyewe ni zuri kweli. Bodi ni ngumu, milango bado inajifunga kwa uzito ule wa zamani, viti havijabonyea, na kwenye kona huwezi kuamini kwamba unaendesha zaidi ya tani mbili. Lakini bodi hiyo moja ilifungwa injini tofauti sana kwa uvumilivu, na kosa la kwanza la mnunuzi ni kupenda rangi na rimu kabla hajauliza kilicho chini ya boneti.

Ya kutafuta kwanza ni dizeli ya lita 3.0 iitwayo M57, iliyofungwa kwenye magari mengi ya kabla ya maboresho ya 2010. Mnyororo wa taimingi, unaooanisha kranki na valvu, uko mbele, na injini yenyewe inastahimili kilomita nyingi mno. Kinachosumbua ni vitu vinavyoizunguka. Thamostati, kile kilango kinachodhibiti joto la maji ya injini, ikikwama wazi, injini haifikii joto lake, isipofikia joto, kichujio cha masizi kwenye ekzosi hakichomi masizi yake, kisipoyachoma, kinaziba. Mwenye gari anauziwa kichujio kipya cha bei ya kutisha ilhali ugonjwa ulikuwa thamostati. Kwa hiyo unapolijaribu, soma joto la maji kwenye mashine ya dayagnosisi. Baada ya dakika ishirini za barabara kuu linatakiwa liwe karibu na nyuzi 90. Likigoma kwenye 70 au 75, umeshajua. Angalia pia puli ya kranki, maana mpira wake hupasuka kwa uzee, na manifoldi ya hewa, ambayo hutokwa na oili kwenye vipepeo vyake. Yote hayo yanatengenezeka bila kushusha injini.

Dizeli iliyofuata, N57, ina nguvu zaidi na ni tulivu zaidi, ila mnyororo wake umewekwa nyuma, upande wa giaboksi. Kuufikia ni lazima giaboksi ishuke au injini itoke nzima. Ukisikia mkwaruzo kutoka nyuma ya injini asubuhi inapowaka ikiwa baridi, usijadiliane bei. Ondoka.

Kwa anayetaka petroli, N52 ya lita 3.0 isiyo na turbo ndiyo salama zaidi. Si ya mbio kwa uzito huu, lakini haina siri. Pampu yake ya maji ni ya umeme na hufa bila kutoa dalili, mara nyingi ikishapita kilomita 100,000, kwa hiyo ibadilishe pamoja na thamostati hata kama bado inazunguka. Gasketi ya kifuniko cha valvu na ile ya nyumba ya kichujio cha oili zitavuja. Zihesabu kama gharama ya kawaida. Jambo moja fundi alijue: boliti nyingi za injini hii ni za alumini na hufungwa mara moja tu. Anayezirudisha zile za zamani atazikata zikiwa ndani ya bloku. N55 ya turbo, iliyokuja 2010, ina pampu ya aina hiyohiyo na uvujaji uleule, ila inavuta vizuri zaidi.

V8 ya lita 4.8, N62, yenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, inahitaji jicho kali, kwa sababu ugonjwa wake hujificha gari likiwa linatembea. Sili za valvu zikikauka, oili huchuruzika taratibu kwenye silinda injini ikiwa inanguruma palepale. Ipashe moto kabisa, iache isimame ikiwa inawaka kwa dakika tano hadi kumi, kisha mwenzako asimame nyuma wakati unakanyaga mafuta kwa nguvu. Likitoka wingu la bluu na kuendelea kwa sekunde kadhaa, sili zimekwisha. Muuzaji anayekataza jaribio hili analijua jibu. Kisha shuka chini na tochi, utazame sehemu ya mbele ya injini. Kuna bomba la maji linalopita katikati ya V, na sili yake ikichoka maji hutokea kwenye tundu dogo lililoachwa kwa kazi hiyo, yakiacha michirizi mikavu yenye rangi ya kulenti, yaani maji ya kupoozea injini. Njia ya asili ya kulibadilisha ni kufumua upande mzima wa taimingi. Siku hizi lipo bomba la vipande linalorefuka likishaingizwa, ambalo hupunguza kazi sana. Bei iendane na ugonjwa huo.

Na N63, V8 ya lita 4.4 yenye turbo mbili kwenye toleo la xDrive50i? Yenye kilomita hizi usiinunue. Turbo zimewekwa ndani ya V, katikati ya vichwa viwili, na joto lote linabaki humo. Sili za valvu hukakamaa, nozeli za kunyunyizia mafuta huharibika, mabomba ya oili hukauka, mnyororo hurefuka, na oili inaliwa kana kwamba ni mafuta. Mwishoni mwa 2014 BMW yenyewe ilianzisha nchini Marekani mpango maalumu wa kukagua na kubadilisha vifaa kadhaa vya injini hii. Kama gari halina ushahidi wa maandishi wa mnyororo, sili na nozeli kubadilishwa, linaweza kukugharimu bei yake mara ya pili.

Kwenye giaboksi kuna uongo mmoja unaostahili kuzikwa. Magari ya kabla ya 2010 yana ZF ya gia sita, mengi ya baadaye ZF ya gia nane, na BMW ilisema oili yake ni ya maisha yote. ZF, waliolitengeneza giaboksi lenyewe, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Mwamini ZF. Sampu ya plastiki, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, imeungana na kichujio, hivyo hubadilishwa nzima. Kwenye ile ya gia sita badilisha pia kile kikoba cha plastiki chenye sili za mpira kwenye soketi ya umeme, ambacho huvuja na kuilowesha sampu ukadhani ni gasketi. Usawa wa oili hupimwa injini ikiwa inawaka na oili ikiwa kati ya nyuzi 30 na 50. Fundi anayejaza injini ikiwa imezimwa anaacha giaboksi na upungufu. Katika jaribio la barabarani, sikiliza gari linapokaribia kusimama: mshtuko wa gia ya tatu kwenda ya pili ni dalili ya oili chovu au ya kitu kibaya zaidi.

Matairi yasome kama cheti. Transfa inayogawa nguvu mbele na nyuma ina sahani za klachi ndani, na matairi ya kimo tofauti huzifanya zisuguane muda wote. Ukikuta mapya nyuma na vipara mbele, au majina manne tofauti, tarajia gari lisitesite unapokata kona kali au unapoondoka taratibu. Mota ndogo inayoiendesha transfa ina gurudumu la meno la plastiki ambalo hulika. Taa ya mfumo wa magurudumu manne ikiwaka, anzia hapo kabla ya kukubali kuuziwa transfa nzima. Rimu za inchi 20 zina matairi 275/40 mbele na 315/35 nyuma, kwa hiyo huwezi kuyahamisha. Zile za inchi 19 zenye 255/50 kote zina faida zaidi mfukoni.

Sasa fungua buti, inua sakafu na utie mkono chini kabisa pembeni ya betri. Vidole vikitoka na unyevu, au ukikuta kutu kwenye vichwa vya boliti na harufu ya zulia lililovunda, maji yameshaingia kupitia mifereji ya ruufu ya kioo au sili za taa za nyuma. Humo ndimo kulimo vidude vya umeme, na maji yakivigusa, gari huanza kumaliza betri usiku na kuonyesha makosa yasiyo na uhusiano. Gari la hivyo halina bei nzuri. Betri nayo ikibadilishwa lazima isajiliwe kwa mashine; isiposajiliwa, gari huichaji kana kwamba ni ile nzee.

Magari yenye mipira ya hewa nyuma badala ya springi yaachwe usiku kucha, kisha asubuhi upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, kulia na kushoto. Upande uliolala una mpira uliopasuka, na kompresa inayofanya kazi kuufidia nayo iko njiani kuungua. Mtikisiko wa usukani unapokanyaga breki ukiwa na mwendo mara nyingi ni bushi za mikono ya mbele inayoshikilia magurudumu, kazi ya kawaida kabisa. Mfumo wa haidroliki wa kuzuia gari lisilale kwenye kona ni starehe ya gari jipya; kwenye lililochoka ni mabomba yanayovuja na bili. Chagua lisilo nao.

Odomita usiiamini peke yake. Ufunguo wa gari hili huhifadhi kilomita, na makosa mengi yaliyorekodiwa kwenye kompyuta huandikwa pamoja na kilomita za wakati yalipotokea. Kosa lililotokea kwenye 261,000 ndani ya gari linaloonyesha 174,000 halihitaji maelezo. Usomaji huo ufanyike kabla muuzaji hajafuta makosa, na injini uikute baridi: gusa boneti kabla ya kusalimiana. Ikiwa imeshapashwa moto, rudi siku nyingine.

Ukilipata lenye M57 au N52, buti kavu, matairi manne yanayofanana na risiti za oili zisizorukaruka, nunua, ila uwe umetenga theluthi moja ya bei yake kwa mwaka wa kwanza. Pesa hiyo ianze na oili zote: ya injini, ya giaboksi, ya transfa na ya diferensha mbili, kisha pampu ya maji na thamostati, kisha bushi. Oili ya injini badilisha kila kilomita 10,000 hata kama dashibodi inakupa muda mrefu zaidi, na kiwango chake ukikague mwenyewe kila wiki. Injini nyingi za petroli za gari hili hazina kijiti cha kupimia oili, hupimwa kupitia skrini injini ikiwa moto na gari likiwa mahali tambarare.