Gesti moja ya Kondele, na mandazi matatu

Kazi yangu ni kushereheshea harusi na matanga, na anayeniita ndiye hunilipia malazi. Safari hii ilikuwa harusi ya Kisumu, nikawekwa kwenye gesti moja karibu na Kondele. Jina silitaji. Mwenyewe akisoma atajijua.

Chumba ni shilingi 1,800, chai ya asubuhi ikiwemo. Balbu ilikuwa imeungua. Nikaomba nyingine, kijana wa mapokezi akaniambia, "Jaduong', simu yako si ina tochi?" Kiti hakuna, meza hakuna. Asubuhi nikaletewa chai ya rangi iliyopoa na mandazi matatu makavu ya jana, kwenye kisahani cha kikombe.

Matatu! Nilicheka peke yangu, maana kisa hiki nakijua. Katika hadithi za kale za Ireland kuna mshairi Cairbre, wa Tuatha Dé Danann, kabila la miungu la hadithi hizo. Mfalme wao Nuada alikatwa mkono vitani, na kwao mwenye kilema hatawali, ndipo wakampa Bres kiti. Bres alijaliwa sura, ukarimu akanyimwa. Wakuu walitoka kwake visu havijagusa mafuta ya nyama, pumzi hazinuki pombe. Ogma, shujaa mzima, alitumwa kuni. Basi Cairbre alipofika akatupwa kwenye kijumba cha giza, bila moto wala kitanda, akaletewa vimkate vitatu vikavu kwenye kisahani. Hakugombana na mtu. Kulipokucha alimtungia Bres mistari michache tu: naye akose chakula, akose maziwa, akose pa kulala usiku, akose cha kuwapa wasimulizi. Husemwa kwamba hiyo ndiyo dhihaka ya kwanza kutungwa Ireland, na tangu hapo mambo ya Bres yakamwendea kombo mpaka akaondoka kitini.

Huku kwetu hilo halihitaji kufafanuliwa. Mnyime mpiga nyatiti, kinubi cha Waluo, chakula usiku, uone nyuzi zake nane zitakavyokutaja kwenye matanga yanayofuata.

Mimi sina nyatiti, nina simu. Na nisingeandika kama si meneja. Nilimwonyesha yale mandazi kwa upole, akanijibu, "Kwa bei hiyo ulitaka nini?" Balbu nisingeiandikia, lakini jibu hilo, aa.

Maji ya moto yapo, tena ya kutosha. Askari wa usiku ni mtu wa maana: alinipigia boda anayemjua saa tisa usiku nilipotoka ukumbini, akakataa hata mia yangu. Nyota mbili ninazotoa ni zake na za maji.

Chai msinywe pale. Vukeni barabara, kuna mama mwenye kibanda cha mabati ya buluu. Chapati zake zinatoka jikoni moto, na ukimwahi kabla ya saa mbili utapata uji wa wimbi pia. Kwake nyota tano.